Segovia na Gitaa Lisilo na Kasoro

Wapiga gitaa wana ugonjwa mmoja usio na dawa hospitalini. Mtu hununua gitaa lake la kwanza, akalipenda mwezi mmoja au miwili, kisha akaanza kusikia kasoro zake. Nyuzi nene hazingurumi ipasavyo, nyuzi nyembamba zalia kama mbu, shingo ni pana mno kwa vidole vyake. Basi huliuza kwa hasara akanunua jingine. Hilo nalo lina kasoro zake. Huuza tena, hukopa, hununua la tatu, na moyoni huamini kwamba mahali fulani, katika duka ambalo hajalifikia bado, lipo gitaa moja lisilo na kasoro linalomngojea yeye tu. Wazee walisema mchagua nazi hupata koroma, lakini mgonjwa wa ugonjwa huu hasikii methali.

Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na tangu nilipotoka nimekuwa nikirudi mara kwa mara kukisaidia chama cha muziki. Humo nimeuona ugonjwa huo kwa macho yangu, na homa yake imepata kunigusa hata mimi. Kwa hiyo, mhariri aliponiomba niandike habari za mtu mashuhuri wa zamani kwa ukurasa wetu wa Kiswahili, sikupata shida kuchagua. Nitawasimulia maisha ya Andrés Segovia wa Hispania, ambaye watu wengi humhesabu kuwa mpiga gitaa mkuu wa karne ya 20. Yeye naye alilitafuta gitaa lililo bora maisha yake yote. Lakini alilitafuta kwa njia nyingine, na njia hiyo ndiyo nitakayo tuitazame pamoja.

Segovia alizaliwa tarehe 21 Februari 1893 katika mji wa Linares, kusini mwa Hispania. Akiwa bado mdogo alipelekwa kulelewa na mjomba wake na mkewe. Yasimuliwa kwamba mjomba huyo alikuwa akimpakata mtoto magotini na kumwimbia, huku akijifanya anapiga gitaa ambalo halikuwapo. Basi gitaa la kwanza la Segovia halikuwa na mbao wala nyuzi. Lilikuwa mkono wa mzee ukicheza hewani. Walijaribu kumfundisha fidla, lakini mwalimu alikuwa mkali na mtoto akaichukia. Baadaye akapita mpiga gitaa mzururaji, akamfundisha kidogo alichokijua. Huo ndio karibu mwisho wa masomo yake kwa mwalimu. Mengine yote alijifundisha mwenyewe.

Alipokuwa kijana aliishi Granada, mji wenye mafundi wa magitaa tangu zamani. Huko alipata gitaa kutoka kwa fundi aitwaye Benito Ferrer. Halikuwa gitaa la ukumbi mkubwa, lakini ndilo alilojifunzia. Jamaa zake hawakupendezwa. Wakati ule katika Hispania gitaa lilikuwa chombo cha vilabuni na cha vinyozi, cha kuimbia na kuchezea ngoma. Mtoto wa watu wenye heshima alitakiwa ajifunze piano au fidla. Hata wanamuziki wenyewe walisema kwamba sauti ya gitaa ni ndogo, haifiki viti vya nyuma, na kwamba hakuna muziki wa maana ulioandikwa kwa ajili yake. Kijana Segovia aliyasikia hayo yote, akaendelea kutafuta karatasi za muziki na kujisomea nota kimyakimya. Mwaka 1909, akiwa na umri wa miaka 16, alipiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza mjini Granada.

Hapa yafaa nieleze kidogo jinsi gitaa linavyofanya kazi, maana wanunuzi wengi hutazama rangi na jina lililobandikwa, wasijue sauti yatoka wapi.

Uzi peke yake una sauti ndogo sana. Funga uzi kati ya misumari miwili iliyopigiliwa kwenye ukuta wa mawe, uukaze, uuguse. Hutasikia kitu ukiwa hatua chache mbali nao. Katika gitaa, mtikisiko wa uzi hupita kwenye kipande cha mti kinachoushika chini, ukaingia katika ubao wa mbele, na ubao huo ukitikisika huitikisa hewa yote iliyomo ndani ya sanduku. Kwa hiyo roho ya gitaa ni ule ubao wa mbele. Ukiwa mnene mno, gitaa huwa bubu. Ukiwa mwembamba mno, huvutwa na nyuzi ukapinda au kupasuka. Fundi hukaa kati ya hatari hizo mbili, akikwangua ubao kidogo kidogo na kuugonga kwa kidole asikilize.

Aliyewafundisha mafundi wa Hispania jambo hili vizuri zaidi alikuwa Antonio de Torres, mtu wa Almería, aliyezaliwa mwaka 1817 na kufa mwaka 1892. Torres alilikuza sanduku la gitaa, na ndani, chini ya ubao wa mbele, alibandika vijiti vyembamba vilivyotandazwa kama vidole vya mkono uliofunguliwa, ili ubao uwe mwembamba bila kuvunjika. Mwaka 1862 alifanya jambo la ajabu. Alitengeneza gitaa ambalo mgongo wake na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu kama ile ya maboksi, na ubao wa mbele tu ndio uliokuwa wa mti mzuri. Alitaka watu waone kwamba sauti hukaa katika ubao wa mbele. Gitaa hilo lipo hata leo katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Nawaomba wale wanaopoteza usingizi kwa ajili ya nakshi na vifungo vya dhahabu walikumbuke gitaa la karatasi la Torres.

Sasa turudi kwa Segovia. Mwaka 1912 alikwenda Madrid, kijana wa miaka 19, asiyejulikana na asiye na fedha. Alitaka kupiga katika ukumbi wenye heshima, naye alijua kwamba gitaa lake halingeweza kuujaza ukumbi ule. Fedha za kununua jingine hakuwa nazo. Basi akaenda katika karakana ya Manuel Ramírez, fundi mashuhuri kuliko wote mjini, akaomba jambo ambalo fundi hakuwa amelizoea. Aliomba kukodi gitaa kwa siku ya tamasha, kama vile wapiga piano wanavyokodi piano. Alikubali kwamba kama gitaa litampendeza, atatafuta njia ya kulinunua baadaye.

Ramírez alimtazama kijana huyu mwenye mavazi ya pekee, akashangaa, kisha akampa gitaa moja alijaribu. Segovia akaketi, akapiga kwa muda mrefu. Mafundi wakaacha kazi wakasikiliza. Palikuwapo pia mwalimu wa fidla, naye alimhurumia kijana kwa kutumia vipaji vyake juu ya gitaa badala ya fidla. Lakini Ramírez hakuwa na mawazo hayo. Alimwambia kijana alichukue gitaa lile, alitembeze duniani, na alipe kwa njia nyingine isiyokuwa ya fedha. Hivyo ndivyo Segovia alivyopata gitaa lake kubwa la kwanza, naye hakulilipia hata senti moja.

Gitaa hilo lilikuwa na karatasi yenye jina la Ramírez, lakini inaaminika kwamba mikono iliyolitengeneza hasa ilikuwa ya fundi wake, Santos Hernández. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Jina lililobandikwa ndani ya gitaa si lazima liwe jina la aliyelitoa jasho. Ramírez mwenyewe alikufa mwaka 1916, kabla ya kuona malipo yake yote. Malipo hayo yalilipwa kidogo kidogo, katika kila mji ambamo gitaa lake lilisikika.

Nalo lilisikika kweli. Segovia alivuka bahari akapiga Amerika ya Kusini. Mwaka 1924 alipiga Paris mbele ya wanamuziki wakubwa, na Januari 1928 alipiga New York kwa mara ya kwanza. Watunzi ambao hawakupata kuandika hata ukurasa mmoja kwa ajili ya gitaa walianza kumwandikia. Mwaka 1935, mjini Paris, alipiga kwa gitaa ule muziki mrefu wa Bach uitwao Chaconne, ulioandikwa kwa fidla moja, na waliosema kwamba gitaa ni chombo cha vilabuni wakakosa la kusema. Katika safari zote hizo, miaka 25 kamili, gitaa lake kuu lilikuwa lile moja alilopewa mwaka 1912.

Je, gitaa hilo halikuwa na kasoro? Lilikuwa nazo. Segovia alizijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu aliishi nalo kila siku. Inajulikana kwamba alikuwa na desturi ya kufanya mazoezi saa tano kwa siku, akizigawa kwa vipindi asubuhi na mchana, na kupumzika kati ya kipindi na kipindi. Mtu akikaa na gitaa moja saa tano kwa siku, mwaka baada ya mwaka, hujifunza kitu ambacho mnunuzi wa kila mwezi hawezi kukijua. Hujua ni kasoro ipi iliyo ya mti, na ni ipi iliyo ya vidole vyake mwenyewe. Wanunuzi wa kila mwezi husema zote ni za mti.

Elimu hiyo ndiyo iliyomwezesha Segovia kupata gitaa bora zaidi, na habari yake ni hii.

Mwaka 1924 Segovia alipiga katika mji wa München, Ujerumani. Huko aliishi fundi aitwaye Hermann Hauser. Hauser alikuwa hodari katika kutengeneza magitaa ya mtindo wa Ujerumani na Austria, na pia zeze za mezani zipendwazo na watu wa nchi ile. Alipomsikia Segovia alitambua kwamba gitaa la Hispania lilikuwa na siri ambayo yeye hakuwa nayo. Aliomba aliangalie gitaa la Ramírez. Segovia alimruhusu, na Hauser akalipima sehemu zote.

Mtu mwingine angefikiri kwamba sasa kazi imekwisha. Vipimo vimepatikana, kilichobaki ni kukata mbao. Haikuwa hivyo. Hauser alitengeneza gitaa, akampelekea Segovia alijaribu. Segovia alilipiga, akaeleza palipopungua. Hauser akarudi karakanani. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Kazi hiyo ya kutengeneza, kujaribu, kueleza na kutengeneza tena iliendelea miaka 12. Hebu tufikiri: mtoto aliyezaliwa siku walipokutana angekuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi. Wote wawili hawakuchoka. Hauser hakukasirika kwa kukataliwa, na Segovia hakukubali kitu nusu kwa kumwonea rafiki haya.

Mwaka 1937 Hauser alileta gitaa ambalo Segovia hakulikataa. Alilisifu mbele ya watu kuwa ndilo gitaa kuu kupita yote ya zama zake, akalipiga miaka mingine 25, hadi mwaka 1962. Hauser alikufa mwaka 1952, akiwa amekwisha kuyasikia matunda ya kazi yake. Tukijumlisha, twaona kwamba tangu 1912 hadi 1962 Segovia alitegemea magitaa makuu mawili tu. Magitaa mengine alikuwa nayo, maana mafundi wengi walimletea kazi zao wakitumaini kusifiwa naye. Lakini mzigo wa nusu karne ulibebwa na hayo mawili. La kwanza alipewa bure, na la pili lilizaliwa kwa subira ya watu wawili.

Miaka ile haikuwa ya raha. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Hispania, na Segovia akaihama nchi yake. Nyumba yake ya Barcelona iliporwa. Aliishi miaka mingi Montevideo, katika nchi ya Uruguay. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili, na shida mpya ikazuka. Nyuzi za gitaa zilikuwa bado zikitengenezwa kwa utumbo wa wanyama, na utumbo huohuo ulihitajiwa na waganga kwa kushonea majeraha. Nyuzi zikaadimika. Tena hata zilipopatikana zilikuwa na taabu yake: zilikatika ghafula, na kwenye hewa yenye unyevu zililegea katikati ya wimbo.

Mjini New York alikuwapo fundi mmoja, Albert Augustine, aliyejaribu kutengeneza nyuzi za nailoni, kitu ambacho wakati ule kilikuwa kipya. Segovia alizijaribu na kumtia moyo, na baada ya vita nyuzi hizo zikaanza kuuzwa. Leo karibu kila mpiga gitaa wa namna ile hutumia nailoni, wala hafikiri kwamba zamani nyuzi zilikuwa za utumbo. Angalieni basi: mwanzo gitaa lilibadilika kwa ubao, baadaye kwa nyuzi. Segovia hakugundua lolote kati ya hayo kwa mikono yake. Kazi yake ilikuwa kusikia na kusema kweli juu ya alichokisikia.

Hata gitaa la Hauser halikuwa la mwisho. Tangu miaka ya 1960 Segovia alipiga magitaa yaliyotoka katika karakana ya José Ramírez wa tatu, wa jamaa ya yule Manuel, na pia ya Ignacio Fleta wa Barcelona. Ramírez huyo alianza kutumia ubao wa mwerezi mwekundu wa Amerika ya Kaskazini badala ya mti wa jamii ya misonobari uliozoeleka, na sauti ikawa ya namna nyingine. Kwa hiyo msidhani nasema kwamba mtu akipata gitaa moja asilibadili mpaka kufa. Segovia alibadili. Lakini kila alipobadili alijua anatafuta nini.

Uzee wake ulikuwa wa heshima. Alifundisha vijana kutoka nchi nyingi, katika Siena ya Italia na katika Santiago de Compostela ya Hispania. Miongoni mwa waliosoma kwake wamo Alirio Díaz wa Venezuela na John Williams aliyezaliwa Australia. Mwaka 1981 mfalme wa Hispania alimpa cheo cha Markizi wa Salobreña. Mwaka 1986 gitaa la 1912 na lile la 1937 yalitolewa zawadi kwa jumba kubwa la makumbusho la Metropolitan mjini New York, na yamehifadhiwa huko. Segovia alifariki Madrid tarehe 2 Juni 1987, mwenye umri wa miaka 94. Hata mwaka huo aliokufa alikuwa bado akipiga mbele ya watu. Mwaka 2002 mabaki yake yalirudishwa Linares, mji wa kuzaliwa kwake.

Hayo ndiyo maisha yake kwa ufupi. Sasa niruhusuni niyalete karibu na sisi.

Ninaye mwenzangu mmoja tuliyesoma naye hapa. Jina lake nitalistahi. Alikuwa na sauti nzuri na vidole vyepesi kuliko sisi sote. Alipopata kazi Jinja alinunua gitaa, na lilipopata ufa akanunua jingine, na jingine. Kwa miaka sita alinunua magitaa tisa. Kila alipokutana nami alinieleza habari za gitaa alilokuwa akiliendea, hakuwa na habari za wimbo. Aliuza baiskeli, akauza redio, kisha akatumia karo ya mdogo wake wa kike, akikusudia kuirudisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipita. Yule msichana alikaa nyumbani muhula mzima, akichota maji huku wenzake wakisoma.

Gitaa la tisa lilikuwa zuri kweli. Nimelishika mwenyewe. Lakini mwenye nalo halipigi, kwa sababu anaogopa kulichubua. Limetundikwa ukutani katika mfuko wake, na vidole vilivyokuwa vyepesi vimekuwa vizito. Mdogo wake alirudi shuleni muhula uliofuata, baada ya shangazi yao kuuza mbuzi. Naye siku zile za kukaa nyumbani alilichukua lile gitaa la kwanza lenye ufa, ambalo hapakutokea mtu wa kulinunua, akajifunza. Sasa hupiga kanisani kila Jumapili, na watu husimama nje wakimsikiliza.

Sisemi haya ili kumcheka mwenzangu. Nasema kwa kuwa karo ya mtoto ni kitu kikubwa kuliko ubao wa gitaa, na kwa kuwa ugonjwa wenyewe huja kwa sura ya mapenzi ya muziki, hata mtu asiutambue. Mapenzi ya gitaa na mapenzi ya kununua magitaa hufanana kama pacha, lakini hayalali nyumba moja kwa muda mrefu. Saa ambayo mtu anaitumia dukani imeondoka katika saa zake za mazoezi.

Wengine watanijibu kwamba Segovia alipewa gitaa la fundi mkuu, na kwamba sisi huku hatuna Ramírez wa kutugawia. Ni kweli. Lakini alipewa kwa sababu siku aliyoingia karakanani alikuwa tayari anajua kupiga, na ujuzi ule aliupata kwa gitaa la kawaida la Granada. Angeingia mikono mitupu ya ujuzi, angetoka na mikono mitupu ya gitaa. Na tena, tusione kwamba muziki mkubwa wa gitaa umetoka Ulaya tu. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili, alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, mwaka 1952, na wapiga gitaa wa nchi nyingi wamejaribu tangu hapo kufuata vidole vyake. Waliomsikiliza walistaajabia vidole, hawakuuliza gitaa lilinunuliwa kwa bei gani. Na mti wa Brazil utumiwao na mafundi wakubwa kwa migongo na mbavu za magitaa ni wa jamii moja na mpingo wetu wa Afrika ya Mashariki. Huenda Hauser wa kesho yupo katika darasa la useremala la shule hii, anangoja mtu wa kumwambia palipopungua.

Sasa neno langu kwa chama cha muziki. Nasikia mnazo fedha zilizokusanywa katika tamasha la mwaka jana, na kwamba kamati imegawanyika. Baadhi wanataka kununua gitaa moja la bei kubwa kutoka Kampala. Chama kina magitaa manne. Mawili hayana nyuzi za kutosha, moja limeachia gundi kwa kuwekwa juani, na la nne linashindaniwa na wanafunzi ishirini. Shauri langu ni hili. Nunueni nyuzi mpya za kutosha magitaa yote. Lile lililoachia gundi lipelekeni kwa seremala mwangalifu, na baada ya hapo lisiwekwe tena juani wala karibu na jiko. Fedha zitakazobaki zitumieni kwa nauli ya mwalimu atakayekuja kila Jumamosi. Mwaka mzima ukipita, na mkiwa mmekwisha jua kwa hakika ni kitu gani magitaa hayo hayawezi kukifanya, hapo ndipo kamati ikae tena.

Wazee wetu wanayo methali nyingine: mchagua jembe si mkulima. Segovia alichagua jembe, tena kwa ukali sana, lakini alichagua akiwa shambani, jasho likimtoka, udongo ukiwa mikononi. Mwanafunzi atakayefanya hivyo atakuwa na haki ya kuchagua kama yeye. Kwa sasa, lile gitaa lililo mikononi mwako lina nyuzi sita, na ndani yake zimo nyimbo nyingi ambazo bado hujazitoa. Zitoe kwanza.